Mchuzi wa Mboga wa Kihindi Ukiharibika: Dalili, Visababishi na Namna ya Kuurekebisha

Mchuzi wa mboga wa Kihindi hupikwa kwa hatua nne zinazofuatana. Viungo vizima hutiwa kwanza katika mafuta ya moto. Vitunguu hukaangwa mpaka vibadilike rangi. Tangawizi, kitunguu saumu, viungo vya unga na nyanya hukaangwa pamoja mpaka viwe rojo zito. Na mwishoni mboga huingia pamoja na maji, tui au mtindi. Malalamiko yanayojirudia kuhusu mchuzi huu karibu yote yanahusu kile kinachoonekana katika hatua ya nne, ilhali chanzo chake mara nyingi kiko katika ya pili au ya tatu. Ndiyo maana mpishi anayeonja mchuzi usiokolea, kisha akanyunyiza kijiko kingine cha unga wa viungo juu yake, huishia kuwa na kasoro mbili mahali palipokuwa na moja.

Maelezo haya yamepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili kisababishi kinachotokea zaidi kimetangulizwa. Kabla ya kurekebisha chochote, chota mchuzi kidogo kwenye kisahani na uuache upoe kwa dakika moja au mbili, kwa kuwa ulimi uliobabuka hautofautishi chumvi na uchachu. Onja rojo peke yake, kisha kipande cha mboga peke yake. Rojo likiwa zuri na kiazi kikawa chapwa, hilo ni tatizo tofauti kabisa na pale ambapo vyote viwili ni chapwa.

Mchuzi una ladha ya viungo vibichi

Dalili hii huelezwa kwa namna nyingi: mchuzi unaacha kitu kama vumbi ulimini, unanuka kitunguu saumu kibichi, au manjano inasikika kuliko kila kitu kingine. Ni malalamiko ya kawaida kuliko yote, na kisababishi chake kikuu ni kimoja: rojo la vitunguu, nyanya na viungo halikukaangwa vya kutosha kabla ya mboga kuingia.

Kipimo chake hakihitaji saa. Rojo lisiloiva hutapakaa kwenye sufuria kama uji, hububujika na kurusha matone, na ukilipitishia mwiko njia unayoichora hujifunga mara moja. Rojo lililoiva hujikusanya pamoja, huachana na kuta za sufuria, rangi yake hukolea, na mafuta hutoka pembezoni yakiwa yanang'aa na yametiwa rangi na viungo. Wapishi wengi wanaoanza huyaona mafuta hayo wakadhani wamezidisha, wakayachota na kuyamwaga, na hapo humwaga harufu yote waliyoitafuta, kwa kuwa sehemu kubwa ya harufu ya viungo huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Sababu ya kusubiri ni rahisi: maadamu maji ya nyanya yangali ndani ya sufuria, joto lake haliwezi kupita sana nyuzi 100 za Selsiasi, na kwa joto hilo kitunguu saumu na unga wa viungo huchemka tu bila kukaangika. Maji yakiisha, joto hupanda, na ubichi huondoka kwa haraka ya kushangaza.

Kisababishi cha pili ni vitunguu vilivyokatishwa njiani. Mapishi mengi huahidi kwamba vitunguu huwa vya kahawia kwa dakika 5, jambo ambalo si kweli. Vitunguu viwili vya wastani vilivyokatwa vidogo huhitaji kati ya dakika 12 na 20 kwa moto wa wastani. Chumvi kidogo inayotiwa mwanzoni huvuta maji yake yatoke mapema. Usifunike sufuria wakati huu, kwa kuwa mvuke unaorudi ndani utavichemsha.

Cha tatu ni mafuta machache mno. Kwa mchuzi wa watu wanne, vijiko vikubwa vitatu ni kiasi cha wastani. Chini ya kimoja na nusu, viungo hushika chini kabla havijaiva, na mpishi hulazimika kutia maji mapema. Cha mwisho, kisicho cha kawaida sana, ni kumwaga viungo vya unga moja kwa moja katika mchuzi ambao tayari unachemka.

Ikiwa mboga hazijaingia, dawa ni kuendelea kukaanga. Rojo likianza kushika, tia vijiko viwili vya maji, kwangua chini kwa mwiko, acha maji yakauke, kisha rudia. Mzunguko huo ukifanyika mara tatu au nne, rojo litakuwa bora kuliko lile lililokaangwa kwa mkupuo mmoja. Ikiwa mboga zimeshaingia, chuja mchuzi, weka mboga kando, rudisha rojo kwenye kikaangio kipana chenye kijiko kimoja cha mafuta, likaange bila kufunika mpaka mafuta yajitenge, kisha urudishe mboga. Ni kazi ya dakika 10 au 15, nayo ndiyo tiba ya kweli. Wapo wanaopendekeza kumwagia juu mafuta ya moto yaliyokaangiwa binzari nyembamba na pilipili kavu, yaani tadka, na mchuzi hakika hunukia baada ya hapo. Lakini tadka hufunika ubichi wa unga wa viungo tu, na kitunguu saumu kibichi hukiacha kama kilivyo.

Mchuzi ni mchungu

Anza kwa kutazama. Vijidoa vyeusi vinavyoelea katika rojo, hasa vyenye ukubwa wa punje za kitunguu saumu kilichotwangwa, vinaonyesha kuwa kitunguu saumu au viungo vimeungua, na hicho ndicho kisababishi cha kawaida zaidi. Mbegu za haradali na binzari nyembamba zikitiwa katika mafuta ya moto humaliza kazi yake kwa sekunde 20 hadi 40. Unga wa pilipili na wa giligilani huungua kwa muda mfupi kuliko huo. Njia salama ni kuukoroga unga wa viungo katika vijiko viwili au vitatu vya maji kabla ya kuutia katika mafuta, au kuutia nyanya zikiwa tayari ndani. Rojo lililoungua halina dawa. Sukari, maziwa na tui vitaupunguza uchungu wa mwanzo, lakini ule unaobaki kooni hauondoki; ni nafuu kupoteza vitunguu viwili kuliko kupoteza sufuria nzima ya mboga, kwa hiyo rojo limwagwe na uanze upya.

Pasipo vijidoa, shuku uwatu na manjano. Robo ya kijiko kidogo cha mbegu za uwatu humtosha mpishi wa watu wanne, na mbegu hizo zikikaangwa kupita rangi ya dhahabu huzidi kuwa chungu. Manjano nayo, zaidi ya nusu kijiko kidogo hadi kijiko kimoja, huanza kusikika kama udongo. Kasoro hii hurekebishika: ongeza mboga iliyochemshwa bila viungo, tui au krimu, kisha chumvi kidogo kidogo, kwa sababu chumvi hupunguza namna ulimi unavyousikia uchungu kuliko hata sukari.

Kisababishi kingine ambacho watu hawakitarajii ni vitunguu vilivyosagwa vibichi katika blenda. Kusagwa huzivunja chembe za kitunguu na kuachilia ukali mwingi, kwa hiyo rojo lake huhitaji kukaangwa muda mrefu kuliko la vitunguu vilivyokatwa. Wenye kupenda rojo laini hupata matokeo mazuri zaidi wakikaanga vitunguu kwanza, kisha wakavisaga.

Mwisho kuna mboga yenyewe, na hapa ni lazima kusimama. Karela ni chungu kwa asili yake na huliwa hivyo hivyo. Mumunye, zukini, boga na tango havipaswi kuwa vichungu. Vikiwa vichungu, uchungu huo unatokana na sumu ziitwazo kukubitasini, ambazo haziondolewi kwa kupikwa wala kwa kuongezewa viungo. Onja kipande kidogo kibichi kabla ya kupika, na kikiwa kichungu kiteme na utupe mboga yote. Aliyekwisha kula kiasi cha kutosha kisha akapata kutapika, maumivu makali ya tumbo au kuharisha damu apelekwe hospitali mara moja. Viazi vilivyogeuka kijani navyo vina sumu isiyokufa kwa kuchemshwa. Kijani kidogo hukatwa pamoja na ganda nene, na kiazi kilichoenea kijani hutupwa.

Mchuzi ni chapwa

Mchuzi wenye harufu nzuri lakini usio na ladha una upungufu wa chumvi au wa uchachu. Mchuzi wenye chumvi sawasawa lakini usio na harufu una viungo vilivyochakaa. Tofauti hiyo ijaribiwe kwenye kisahani: chota vijiko viwili vya mchuzi, tia chumvi kidogo upande mmoja na matone ya ndimu upande wa pili, uonje. Matone hayo ya ndimu huokoa michuzi mingi kuliko unga wowote wa viungo, na hasa michuzi ya dengu na viazi, ambayo wanga wake huzimeza ladha.

Viungo hukaguliwa kwa kiganja. Sugua unga kidogo mkononi na unuse. Harufu isipokuja mara moja, haitakuja ndani ya sufuria. Viungo vya unga hupoteza nguvu ndani ya miezi michache baada ya kufunguliwa, hasa vinapowekwa karibu na jiko, na vizima hudumu muda mrefu zaidi. Garam masala, ambayo viungo vyake vingi kama iliki, karafuu na mdalasini vina harufu inayopaa kwa joto, hutiwa katika dakika 5 za mwisho. Ikichemshwa tangu mwanzo, harufu yake hujaza nyumba na kuuacha mchuzi mtupu.

Ikiwa rojo limekolea lakini mboga ni chapwa, mboga zilitiwa bila chumvi au zilichemshwa kando. Zikaange dakika mbili au tatu ndani ya rojo, zikiwa na chumvi yake, kabla ya kutia maji. Mchuzi uliokwisha kuiva uachwe utulie kwa nusu saa ukiwa umefunikwa, na viazi vitanywa sehemu ya chumvi hiyo.

Mchuzi ni mwepesi, au mzito mno

Wepesi husababishwa kwanza na nyanya ambazo hazikukaangwa zikaisha maji, kisha na kifuniko kilichoachwa juu muda wote, kisha na mboga zenye maji mengi kama mumunye, zukini, uyoga na mchicha, ambazo humwaga maji yake baada ya mpishi kwisha kupima ya kwake. Ondoa kifuniko, ongeza moto kidogo, na uuache mchuzi uchemke kwa dakika 10 kabla ya kufikiria kitu kingine. Hilo lisipotosha, ponda vipande vitatu au vinne vya kiazi dhidi ya ukuta wa sufuria, au tia korosho zilizolowekwa na kusagwa. Unga wa dengu hufaa pia, ila ukaangwe kwanza bila mafuta mpaka unukie, la sivyo utakurudisha kwenye dalili ya kwanza. Wanga wa mahindi haufai hapa. Huufanya mchuzi uwe na utelezi, na kesho yake mchuzi huo huachia maji.

Uzito hauna fumbo: tia maji ya moto, onja chumvi tena. Maji baridi huzuia viazi na kunde kulainika kwa muda, na mtindi ulio ndani huweza kukatika.

Mtindi au tui limekatika

Mchuzi unaonyesha chembe nyeupe zilizotengana na maji. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kweli umekatika. Mafuta yanayong'aa juu ya mchuzi laini ni dalili njema. Chembechembe nyeupe zinazoelea katika maji ya manjano ndizo kukatika.

Kwa upande wa mtindi, kisababishi kikuu ni joto la ghafla: mtindi uliotoka kwenye jokofu ukamiminwa katika mchuzi unaochemka. Hufuatiwa na mtindi usio na mafuta, ambao protini zake hazina kinga, na kisha uchachu mwingi wa nyanya au ukwaju. Dawa ya kuzuia ni kuupiga mtindi uwe laini pamoja na kijiko kidogo cha unga wa dengu kwa kila kikombe, kuuacha ufikie joto la chumba, kuuongezea mchuzi wa moto kijiko baada ya kijiko huku ukikoroga, ndipo uumimine sufuriani moto ukiwa mdogo kabisa. Endelea kukoroga mpaka uanze kuchemka polepole. Tangawizi mbichi inayotiwa mwishoni pamoja na maziwa au krimu inaweza pia kuyakata, kwa kuwa ina kimeng'enya kinachogandisha protini za maziwa. Ikikaangwa mapema, uwezo huo hupotea.

Tui hukatika kwa kuchemshwa kwa nguvu. Tui jepesi ndilo la kupikia mboga, na tui zito hutiwa mwisho, likakorogwa bila kufunikwa na kuondolewa motoni mara linapoanza kuchemka.

Mchuzi uliokatika ni salama kuliwa. Ukiwa unaharibu sura tu, ondoa mboga, saga rojo kwa blenda likiwa limepoa kidogo, na urudishe. Mchuzi wa moto haupaswi kujazwa kwenye blenda iliyofungwa kifuniko kwa kukaza, kwa sababu mvuke hurusha kifuniko na kumbabua aliyesimama mbele yake. Jaza chini ya nusu, legeza kifuniko na ukishikilie kwa kitambaa.

Mboga: nyingine ngumu, nyingine zimerojeka

Karibu daima tatizo ni mpangilio. Karoti na viazi huhitaji dakika 15 hadi 20, koliflawa 8 hadi 10, njegere za barafu 3 au 4, mchicha hata 2. Zikiingia pamoja, kimoja lazima kiharibike. Lakini kuna lalamiko la ndani zaidi: viazi vilivyokaa motoni kwa dakika 40 na bado vina kiini kigumu. Huko chanzo ni uchachu. Nyanya na ukwaju huimarisha kile kinachoshikanisha chembe za mboga, kwa hiyo kiazi kinachochemshwa katika rojo chachu hulainika polepole mno, na dengu na maharage vivyo hivyo. Ivisha kwanza, chachua baadaye. Maji yenye chokaa nyingi huleta tatizo lile lile kwa kunde, na vilevile kunde zilizokaa ghalani muda mrefu. Kwa hizo, bikaboneti ya soda kiasi cha ncha ya kijiko katika maji ya kulowekea husaidia, lakini ikizidi huleta ladha ya sabuni.

Maharage mekundu makubwa, yanayoitwa rajma huko India, yana onyo lake. Yana sumu ya asili, na kuyapika kwa moto mdogo katika chungu cha umeme kisichofikia kuchemka kunaweza kuizidisha sumu hiyo. Yalowekwe kwa angalau saa 5, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya kwa angalau dakika 10, na ikiwezekana 30, kabla ya kuendelea kwa moto mdogo. Harage lenye kiini kigumu lisionjwe.

Bamia huleta malalamiko ya utelezi. Utelezi hutoka bamia inapokutana na maji baada ya kukatwa. Ioshe ikiwa nzima, ikaushe kwa kitambaa mpaka isiwe na unyevu wowote, ndipo uikate na kuikaanga peke yake bila kufunika wala kutia chumvi mpaka nyuzi za ute zikatike. Ndimu au nyanya iliyokwisha kukauka humalizia kilichobaki. Biringani, kinyume chake, hunywa mafuta yote na kuyatapika baadaye. Ikipakwa mafuta kidogo ikachomwa kwanza, haitakuwa na kiu hiyo. Jibini ya paneer iliyokakamaa kama mpira ilikaangwa muda mrefu mno, na huokolewa kwa kulowekwa katika maji ya moto yenye chumvi kwa dakika 10.

Chumvi, pilipili au uchachu umezidi

Kiazi kibichi kinachotumbukizwa katika mchuzi wa chumvi hakichagui chumvi. Hunywa mchuzi wenye chumvi, na ukikitoa, mchuzi uliobaki una ukali ule ule, ila umepungua. Kinachofanya kazi ni kuongeza kiasi: dengu zilizochemshwa bila chumvi, mboga zaidi, tui, maji, na uchachu kidogo wa kuisawazisha ladha. Kama chumvi imezidi mara mbili, utahitaji karibu sufuria ya pili nzima, na ni afadhali kuukubali ukweli huo mapema.

Ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta na hushikwa na protini za maziwa. Ongeza mtindi, krimu, tui au korosho zilizosagwa, na uchote sehemu ya mafuta mekundu yanayoelea juu. Hapa tu ndipo kuchota mafuta kuna maana. Mikono iliyowaka kwa pilipili isuguliwe kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, na isiguse macho.

Uchachu uliozidi mara nyingi ni nyanya ambazo hazijaiva, kwa hiyo zikaange zaidi kabla ya kutia sukari. Bikaboneti ya soda huuondoa uchachu kwa povu, lakini hugeuza manjano kuwa nyekundu ya matofali, na mchuzi hupoteza uhai wake. Ni suluhisho la mwisho.

Rangi si ya kawaida

Mchuzi uliofifia hutokana na vitunguu visivyokaangwa. Wekundu ule wa kuvutia hutokana zaidi na pilipili ya Kashmir, ambayo ina rangi nyingi na ukali mdogo, kwa hiyo kuongeza pilipili ya kawaida kwa ajili ya rangi ni kosa. Mchicha uliogeuka rangi ya zeituni ulifunikwa au ulikutana na nyanya mapema. Kitunguu saumu kilichogeuka kijani au buluu baada ya kukutana na uchachu hakina madhara.

Weusi wenye ladha ya chuma hutoka kwenye kikaangio cha chuma kilichopikiwa nyanya au ukwaju. Hautadhuru, ingawa haupendezi. Sufuria ya shaba au ya shaba nyeupe ni jambo jingine: ndani yake hupakwa bati, kazi inayoitwa kalai, ili uchachu usifikie shaba. Ukiona wekundu wa shaba umejitokeza ndani, acha kuipikia mchuzi wa nyanya, ukwaju au mtindi mpaka fundi aipake upya.

Manjano yenye rangi kali isiyo ya kawaida inastahili shaka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 nchini Bangladesh ulionyesha kuwa kromati ya risasi, rangi ya viwandani, ilikuwa ikitumika kuing'arisha manjano. Risasi haiondoki kwa kupikwa, na kijiko na pua havitaigundua. Penye mtoto mdogo au mjamzito, na shaka ya kweli, wa kuulizwa ni daktari, ambaye anaweza kuagiza kipimo cha damu.

Mchuzi umeshika chini

Usikoroge. Zima jiko, mimina mchuzi kwenye sufuria nyingine bila kukwangua, uuache uliobaki chini ubaki huko. Onja baada ya dakika 5. Harufu ya moshi ikiwa ndogo, tui na garam masala kidogo vitaificha. Ikiwa imeenea ndani ya viazi, hakuna cha kuokoa. Chanzo ni sufuria nyembamba, moto mkubwa, au rojo la korosho na dengu, ambalo huzama na kutulia chini likiachwa bila kukorogwa.

Pale ambapo mapishi yasimame

Mafuta yakianza kutoa moshi, yaondoe kwenye moto. Yakishika moto, zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko wa chuma na usiuinue mpaka ipoe. Usimwage maji, usiibebe sufuria nje. Moto ukishapanda nje ya sufuria, toka, funga mlango, uite zimamoto. Ngozi iliyobabuka iwekwe chini ya maji yanayotiririka, ya baridi lakini si ya barafu, kwa dakika 20. Kidonda kikubwa kuliko kiganja, au cha usoni, ni cha hospitali.

Ukinusa gesi, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi yoyote. Funga vali ya mtungi, fungua milango na madirisha, na kumbuka kwamba gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Jiko lisitumike tena mpaka fundi wa gesi alikague. Sufuria ya presha isiyotoa mvuke ilhali moto unawaka imeziba, na dengu ndizo huziba mara nyingi kwa povu lake: zima moto, iache ipoe yenyewe, usijaribu kuifungua kwa nguvu. Vali au mpira uliochakaa ubadilishwe, usifungwe kwa uzi.

Anayevimba midomo au koo, au kupumua kwa shida baada ya kula, ni mgonjwa wa dharura. Korosho na haradali ni vyanzo vinavyojulikana vya mzio, na mvuje wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, jambo ambalo asiyestahimili ngano hawezi kulibaini kwa kuonja.

Kiporo kipozwe na kuingia katika jokofu, chini ya nyuzi 5, ndani ya saa mbili tangu kuiva; kigawe katika vyombo vipana, maana sufuria nzima iliyojaa hubaki vuguvugu usiku kucha. Wakati wa kupasha moto, mchuzi uchemke mpaka katikati. Uliolala mezani hadi asubuhi utupwe hata kama unanukia vizuri, na wali ulioliwa nao pia, kwa kuwa baadhi ya sumu zinazotengenezwa na bakteria hustahimili kuchemshwa tena.